KIINGEREZA CHA CHUO KIKUU NA SISI WATU WA PEMBA

Ndugu zangu tuliosoma pamoja, na nyinyi wanafunzi ambao sasa mnakalia madawati yetu,

Nilipochaguliwa kwenda Chuo Kikuu kusoma fasihi ya Kiingereza, mzee mmoja jirani yetu alinisindikiza hadi bandarini Mkoani. Kabla sijapanda meli ya Unguja aliniuliza: "Mwanangu, Kiingereza si umeshakijua? Sasa unakwenda kusoma nini tena?" Sikuwa na jawabu. Nimekuja kulipata baadaye, nilipoitazama historia ya somo lenyewe.

Katika Afrika ya Mashariki, somo hili kwa daraja ya digrii lilianzia Makerere, Uganda. Chuo hicho kilifunguliwa mwaka 1922 kikiwa skuli ya ufundi. Mwaka 1949 kilifungamanishwa na Chuo Kikuu cha London, na digrii zake zikawa za London. Kijana aliyetoka Zanzibar, Tanganyika au Kenya alisoma Shakespeare na wenzake kwa utaratibu uliotoka Uingereza. Mashairi ya Kiswahili na ngano alizolelewa nazo hazikuwa na nafasi katika masomo hayo.

Mwezi wa Juni 1962 palifanyika hapo Makerere mkutano mkubwa wa waandishi wa Kiafrika wanaoandika kwa Kiingereza. Walikuja Chinua Achebe na Wole Soyinka kutoka Nigeria. Alihudhuria pia mwanafunzi wa chuo hicho, James Ngugi, ambaye siku hizo alikuwa ametoa hadithi fupi chache tu. Shaaban Robert hakuwamo, kwa kuwa aliandika kwa Kiswahili, ingawa alikwisha kutunga tenzi, insha na riwaya nyingi. Naye alikuwa mtumishi wa serikali kama wengi wetu, aliyeanza kazi akiwa karani wa forodha. Mwezi huo huo wa Juni alifariki dunia.

Jambo hilo halikumtoka Ngugi. Mwezi wa Oktoba 1968, akiwa mwalimu Nairobi, yeye pamoja na Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong waliandika waraka wa kutaka Idara ya Kiingereza ya chuo chao ivunjwe, na mahali pake iwekwe idara ya fasihi na lugha za Kiafrika. Hawakutaka Shakespeare atupwe baharini. Waliuliza kwa nini fasihi ya Mwafrika isiwe ndiyo kiini, kisha za mataifa mengine zitazamwe kutokea hapo. Walitaka pia fasihi simulizi isomwe, yaani ngano, methali, vitendawili na nyimbo. Mabishano yalikuwa makali, lakini mwishowe idara ile ikawa Idara ya Fasihi.

Kwetu Tanzania njia ilikuwa na sura yake. Chuo cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961. Mwaka 1964 ikaundwa taasisi ya uchunguzi wa Kiswahili, na mwaka 1970, chuo kilipokuwa Chuo Kikuu kamili, ikaanzishwa Idara ya Kiswahili. Mwalimu Nyerere, aliyesoma Makerere na Edinburgh, aliitumia elimu yake ya Kiingereza kuitajirisha lugha yetu. Tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare, Juliasi Kaizari, ilitoka mwaka 1963, na Mabepari wa Venisi mwaka 1969.

Mzanzibari mwenzetu Abdulrazak Gurnah, aliyezaliwa mwaka 1948, aliondoka akiwa kijana, akasoma Uingereza na kupata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Kent mwaka 1982. Riwaya yake Paradise, iliyotoka mwaka 1994, inaeleza habari za pwani yetu. Mwaka 2021 alipewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi, na mwaka 2022 riwaya hiyo ikatoka kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Miaka 28 ilipita kabla habari zetu hazijaturudia kwa lugha yetu.

Sasa niseme aibu yangu. Nilimaliza digrii nikiweza kueleza soneti ya Kiingereza mstari kwa mstari, lakini ungeniuliza habari za Kamange na Sarahani, malenga wakubwa wa Pemba hii hii, ningebabaika. Kitabu chao, Kale ya Washairi wa Pemba, kilitoka mwaka 2011, nami nikiwa kazini. Kabla ya hapo mashairi yao mengi yalikuwa vifuani mwa wazee na katika karatasi za watu. Yule mzee aliyenisindikiza alikuwa akiyasoma kwa moyo, na mimi sikuwahi kumwuliza. Amekwisha kufariki, Mungu amrehemu.

Kwa hiyo, wanafunzi, atakayependa fasihi ya Kiingereza aende bila ya haya, akaisome kwa bidii. Atajifunza kulipima neno na kuihoji hoja, na elimu hiyo ina kazi kubwa hapa nyumbani. Lakini kabla hajapanda meli, na akae na bibi yake, kalamu mkononi.

Nanyi wenzangu, nina ombi moja. Tutakapokutana tena, kila mmoja aje na shairi au ngano moja ya kijijini kwao, iliyoandikwa vizuri, pamoja na jina la aliyemsimulia. Tuziweke katika maktaba ya skuli yetu. Tukichelewa, tutakosa wa kuwauliza.