Kujaa na Kupwa kwa Uzito

Anga la kijiji cha Idsowe, karibu na Garsen, linaweza kuwa kavu, jua likawaka tangu asubuhi, na bado Mto Tana ukapanda. Mzaliwa wa ukingoni hashangai. Anajua mvua ilinyesha kwingine, kwenye miteremko ya Mlima Kenya na milima ya Aberdare, siku kadhaa zilizopita. Maji yakapita mabwawani, yakapita Garissa na Hola, na sasa ndiyo yanaingia Garsen. Kesho yatashuka, keshokutwa pengine yapande tena. Mtu anayelima mpunga na migomba kando ya mto huo hausomi msimu kwa kiwango cha maji cha asubuhi moja.

Mtu huyohuyo akikanyaga mizani, ujuzi huo wote humtoka.

Tuseme ni mama wa miaka arobaini na kitu, muuza mboga kando ya barabara ya Garsen. Kliniki wamempima presha wakaiona iko juu, wakamshauri apunguze uzito. Wiki ya kwanza ameacha soda, amepunguza ugali wa jioni, na mahamri manne ya asubuhi yamekuwa mawili. Kilo mbili zimeondoka na majirani wamesikia. Jumapili ya wiki ya pili kuna harusi: wali wa nazi, ng'onda wa chumvi, achari ya embe. Jumatatu mizani inaonyesha amezidi kilo moja na nusu. Machoni pake, taabu ya siku kumi imefutwa na sahani moja. Mizani inaingia uvunguni, na mahamri yanarudi kuwa manne.

Jambo lililompata mama huyu ni la kawaida kabisa, tena lina jina katika vitabu vya tiba. Kiingereza hulitaja kwa neno fluctuation. Kiswahili nacho kina tafsiri zaidi ya moja, na ubora wake haulingani.

Vipeperushi vya afya hupenda "kubadilikabadilika kwa uzito". Si kosa, ila ni neno lisilo na sura: hata rangi ya nguo hubadilika, hata tabia ya mtu. Wengine husema "kupanda na kushuka kwa uzito", na vijana wamelifupisha kuwa "pandashuka", neno ambalo tayari linatumika sana kwa misukosuko ya maisha. Hili lina uhai. Lakini lina mlima ndani yake, na kwenye mlima kuna anayepanda kwa miguu yake mwenyewe. Uzito ukipanda, msikilizaji anaelewa kuwa mtu fulani ameupandisha. Lawama imo ndani ya neno kabla daktari hajafungua kinywa.

Asili ya lile neno la Kiingereza yenyewe haina mlima. Limetoka katika Kilatini, kwenye fluctus, yaani wimbi, na wimbi ni la maji. Watu wa pwani hawana haja ya kwenda Roma kutafuta picha hiyo. Wanasema maji yamejaa, maji yamekupwa. Kila baada ya takriban saa sita bahari ya Kipini, pale Tana inapomwaga, hujaa ama hupwa, na hakuna mvuvi anayemtafuta mwenye hatia. Kwa hiyo tafsiri inayofaa kupendekezwa ni hii: kujaa na kupwa kwa uzito. Uzuri wake si wa kishairi tu. Neno hili linasema kweli kuhusu kitu chenyewe, kwa sababu sehemu kubwa ya uzito unaokuja na kuondoka kwa siku mbili tatu ni maji hasa.

Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Anayekunywa vikombe vinne vikubwa kisha akapanda mizani ameongeza kilo nzima, na hana hata chembe moja ya mafuta mapya. Uzito wa mtu mzima huweza kucheza kilo moja hadi mbili ndani ya siku moja kwa sababu za namna hii: alichokula ambacho bado kiko tumboni, alichokunywa, choo alichoenda au alichokosa kwenda.

Wiki ya kwanza ya mpango ina siri yake, na inafaa kuelezwa kwa utulivu kwa sababu ndiyo inayowadanganya watu wengi. Mwili huweka akiba ya wanga iitwayo glikojeni, kwenye misuli na kwenye ini. Kwa mtu mzima akiba hiyo ni kama nusu kilo ikiwa imejaa. Kila gramu yake hukaa pamoja na takriban gramu tatu za maji. Anayepunguza ugali, wali na sukari kwa ghafla huitumia akiba hiyo kwanza. Nusu kilo ya wanga ikiondoka yote, kilo moja na nusu ya maji huondoka nayo. Jumla ni kilo mbili. Ndizo zile kilo mbili za mama wa Garsen. Zilikuwa za kweli kwenye mizani, lakini chache sana kati yake zilikuwa mafuta. Harusi ilipokuja na wali wake, ghala likajazwa tena na maji yakarudi mahali pake.

Chumvi nayo inafanya kazi yake. Ng'onda huhifadhiwa kwa chumvi, na mwili ukipata chumvi nyingi huzuia maji ili damu isiwe kali kupita kiasi, mpaka figo zipate muda wa kuitoa. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyokwishatiwa kwenye chakula. Kwa mtu mwenye presha, hiyo ndiyo habari ya maana zaidi katika sahani ile ya harusi, kuliko kilo moja na nusu ya Jumatatu.

Wanawake wana bamvua yao pia. Mabaharia huita bamvua ule wakati, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, ambapo bahari hujaa kuliko siku nyingine. Siku zenye maji kidogo huitwa maji mafu. Siku za kukaribia hedhi, mwili wa wanawake wengi huzuia maji, matiti yakawa mazito na nguo ikabana kiunoni, kisha yote yakashuka yenyewe. Anayejilinganisha na wiki iliyopita atavunjika moyo bure. Ajilinganishe na wakati kama huo mwezi uliopita.

Na mtu aliyeanza mazoezi? Misuli isiyozoea ikifanyishwa kazi huuma na kuvimba kidogo, nao uvimbe huo ni maji. Anaweza kutembea kwa bidii wiki nzima kutoka nyumbani hadi Garsen na kurudi, na mizani isishuke hata nukta.

Kupwa nako kuna sababu zake. Katika joto la Garsen, mtu anayeshika jembe tangu alfajiri anaweza kutokwa na jasho lita nzima na zaidi kabla ya adhuhuri. Waislamu wanaofunga Ramadhani wanaijua hali hiyo kwa miili yao: alasiri ni wepesi, baada ya futari na daku ni wazito, na nyuso zao ni zilezile. Hata aliyelala usingizi huamka amepungua karibu nusu kilo kwa pumzi na unyevu wa ngozi.

Upungufu huo wa usingizini ulichunguzwa zamani sana. Tabibu Santorio Santorio wa Padua, Italia, alining'iniza kiti kwenye mizani, na kwa takriban miaka thelathini akajipima yeye, chakula chake na vyote vilivyomtoka. Mwaka 1614 alichapisha matokeo. Aliona kuwa akila na kunywa ratili nane kwa siku, tano hivi huondoka bila kuonekana, si kwa haja kubwa wala ndogo. Aliiita hali hiyo jasho lisilohisika. Miaka thelathini juu ya kiti kile, na somo lake la kwanza ni kwamba mwili haukai mahali pamoja hata saa chache.

Sasa hesabu ya jikoni. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina nguvu ya takriban kalori 7,700, kalori zile zinazohesabiwa kwenye chakula. Pakiti ya unga wa mahindi ya kilo mbili, ile inayouzwa kila duka la Tana River, ina kalori 7,200 hivi. Ili mama yule aongeze kilo moja tu ya mafuta kwa usiku mmoja, ingembidi ale ugali wa pakiti nzima na zaidi, juu ya chakula chake cha kawaida. Hakula hivyo. Hakuna harusi inayomlisha mtu mmoja hivyo.

Istilahi iliyopendekezwa ina upungufu wake, na ni haki kuusema. Kiswahili hutumia kujaa kwa mambo mengine ya mwili: tumbo limejaa gesi, miguu imejaa maji. Mgonjwa akiambiwa "umejaa" anaweza kudhani ana maradhi. Ndiyo maana neno uzito lisiachwe: ni uzito uliojaa, si mguu. Na tofauti hiyo ina umuhimu wa kuokoa maisha. Mwenye ugonjwa wa moyo akiongeza zaidi ya kilo moja kwa siku moja, au zaidi ya mbili kwa wiki, huku miguu ikivimba au pumzi ikikatika akilala, huyo si wa kungoja maji yapwe, aende hospitali. Mjamzito anayevimba uso na mikono kwa ghafla, kichwa kikimgonga na macho yakiona ukungu, apelekwe siku hiyohiyo, kwani huenda ni dalili za hatari ya kifafa cha mimba.

Kuna neno jingine la kuangaliwa, nalo ni kukonda. Mtu akisema "umekonda", mara nyingi anauliza: una nini, umefiwa, unaumwa? Kwa anayejitahidi kwa ajili ya presha au sukari, kupungua ndilo neno lenye staha. Na nguo zake zikianza kupwaya, dera likamlegea mabegani, hapo ana ushahidi ambao haujui habari za chumvi ya jana.

Kujaa na kupwa kunahitaji neno mwenza, nalo Kiswahili kinalo tayari: mwelekeo. Bahari inaweza kujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Ukitaka kujua kama ufuo unaliwa, utatazama mwaka. Akina mama wa Tana River wamelijua jambo hili kliniki bila kulipa jina. Mtoto huning'inizwa kwenye mizani, uzito wake ukatiwa nukta kwenye chati ya kitabu cha afya ya mama na mtoto, na nukta zikaunganishwa. Muuguzi haangalii nukta moja peke yake. Anafuata mstari: unapanda, umelala, au unashuka. Mama ambaye amesomewa mstari wa watoto wake wote anaweza kuusoma na wake.

Mizani nayo iwekewe masharti. Ikae juu ya sakafu ngumu na sawa. Kwenye nyumba ya udongo, ubao mnene ulionyooka utafaa, kwa maana juu ya mkeka au mchanga mizani ya springi husema uongo. Mtu ajipime asubuhi, ametoka chooni, kabla ya chai, akiwa na leso ileile. Aandike. Asiyeweza kuvumilia kuona namba kila siku ajipime mara moja kwa wiki, lakini ajue kuwa siku hiyo moja inaweza kuangukia maji kujaa.

Tuseme mama wa Garsen ameitoa mizani uvunguni na kuandika kwenye daftari la shule la mwanawe. Wiki moja: 82.4, 81.6, 81.9, 81.1, 82.0, 81.3, 81.0. Wiki iliyofuata: 81.5, 80.9, 81.8, 81.2, 80.8, 80.6, 81.3. Akilinganisha Jumapili kwa Jumapili, 81.0 na 81.3, ameongeza. Akijumlisha kila wiki na kugawa kwa saba, wastani wa kwanza ni 81.6 na wa pili ni 81.2. Amepungua karibu nusu kilo.

"Daktari, jana nilikuwa themanini nukta sita, leo nimeongeza," anaweza kusema akifika kliniki na daftari lake.

"Leo umejaa tu, mama. Hebu nione wastani wa wiki."

Naye daktari anageuza ukurasa, anachora mstari kwa kalamu chini ya 81.6 na 81.2, kisha anamfunga mama kipimo cha presha mkononi.