Askari Mstaafu wa Bombo na Nyumba Yake

Bombo ni mji mdogo, kaskazini ya Kampala, kando ya barabara kuu iendayo Gulu. Mgeni apitaye kwa gari huona kambi ya jeshi, maduka na msikiti, naye huenda zake. Lakini katika historia ya Waislamu wa Uganda mji huo una daraja yake. Hapo ndipo palipokuwa makao makuu ya batalioni ya nne ya King's African Rifles, jeshi ambalo watu wa Afrika Mashariki waliliita Keya. Na hapo ndipo askari waliomaliza muda wao walipojenga nyumba, wakaoa, wakalea, na hatimaye wakazikwa. Yaelezwayo hapa ni maisha ya askari wa namna hiyo: si mtu mmoja, bali ni sura ya wengi.

Asili ya jambo hili ni mbali. Mji wa Khartoum ulipoanguka mikononi mwa wafuasi wa Mahdi mwezi wa Januari 1885, majeshi ya Misri yaliyokuwa katika jimbo la Equatoria chini ya Emin Pasha yalikatikiwa na njia. Emin mwenyewe aliondoka mwaka 1889 pamoja na Stanley, ila askari wengi walibaki chini ya Selim Bey, karibu na Ziwa Albert. Mwaka 1891 Kapteni Lugard aliwafuata huko Kavalli akawaandika katika utumishi wa Waingereza. Askari wenyewe walikuwa mia kadhaa tu. Bali pamoja na wake zao, watoto wao na wafuasi wao, msafara ulikuwa wa watu maelfu. Msomaji na alishike hilo, maana ndilo ufunguo wa habari yote: askari huyu tangu mwanzo hakutembea peke yake. Alitembea na nyumba yake.

Wala hawakuwa kabila moja. Miongoni mwao walikuwako Wabari, Wamakaraka, Wamoru, Wadinka, Washiluki na wengineo. Kilichowaunganisha kilikuwa dini ya Kiislamu, nidhamu ya kambi, na Kiarabu cha askari ambacho baadaye kilikuwa lugha ya Kinubi. Hivyo ndivyo lilivyopatikana taifa la Wanubi.

Haki ya historia yataka pia jambo chungu lisemwe. Askari hao walitumika kuwashinda wenyeji wa nchi, hasa katika vita vya Bunyoro dhidi ya Omukama Kabalega, aliyekamatwa mwaka 1899. Waliofanya hivyo walitii amri. Lakini aliyechomewa nyumba hamuulizi mchomaji ni nani aliyemtuma. Chuki iliyozaliwa siku zile haikusahaulika upesi.

Hata hivyo, utii wao ulikuwa na mpaka. Mwaka 1897 waliamriwa kumfuata Meja Macdonald katika safari ya mbali. Walikuwa wamechoka kwa vita visivyokwisha. Ujira wao ulikuwa duni kuliko ule wa wapagazi wa pwani, tena ulicheleweshwa. Zaidi ya hayo, hawakuelezwa waendako, wala hawakuridhia kuwaacha wake zao na watoto wao nyuma. Wakaasi, wakaishika ngome ya Lubwa katika Busoga. Maasi hayo yalizimwa kwa damu nyingi, kwa msaada wa askari walioletwa kutoka India. Vitabu vingi huyataja kama uhalifu wa askari. Ni vichache vinavyosimama kutazama kwamba mojawapo ya madai yao lilikuwa dai la mume na baba.

Keya liliundwa tarehe 1 Januari 1902, na wana wa askari wale wakaingia ndani yake. Vita vya 1914 hadi 1918 viliwapeleka katika nchi ambayo sasa ni Tanzania bara, kumfuata Jemadari von Lettow-Vorbeck kwa njaa, homa na mvua. Vita vilipokwisha, Keya lilikuwa na askari zaidi ya 30,000. Upande wa pili wa mto mara nyingi alikuwa askari mwingine Mwislamu, mtoto wa Afrika vilevile, anayeswali kukielekea kibla kile kile na kuamrishwa kwa Kijerumani.

Baadaye waliandikwa vijana wengi wa kaskazini na wa Nile Magharibi: Waacholi, Walango, Wakakwa, Walugbara na Waalur. Baadhi yao walisilimu wakiwa kambini, wakaoa mabinti wa Kinubi, wakajifunza lugha, na watoto wao wakazaliwa Wanubi. Kwa hiyo unubi haukuwa damu peke yake. Ulikuwa pia mlango uliofunguliwa kwa dini na ndoa.

Katika Vita Vikuu vya Pili, takriban watu 77,000 kutoka Uganda waliingia jeshini. Askari wa Keya walipigana Uhabeshi hadi Gondar ilipoanguka mwezi wa Novemba 1941. Wakavuka bahari kwenda Madagascar mwaka 1942. Kisha Ceylon, na mwaka 1944 wakashuka Bonde la Kabaw katika Burma, wakati wa masika, katika matope na malaria, hadi kuufikia mto Chindwin. Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha yao ya amri na ya mazungumzo, nayo magazeti ya jeshi, kama vile Askari na Heshima, yalichapishwa kwa lugha hiyo.

Vita vilipokwisha, askari alirudi Bombo na nishani zake, cheti cha kuachishwa, koti zito la jeshi, na fedha zisizodumu. Ndipo ilipoanza kazi ambayo hakuna tarumbeta lililoipigia. Mmoja alikuwa dereva, mwingine fundi cherehani, mwingine mchinjaji au bawabu. Aliamka kwa adhana kama alivyoamka kwa tarumbeta. Alitaka ua ufagiwe kabla jua halijapanda. Na mtoto aliyechelewa chuoni kusoma Kurani alijua atakayoulizwa jioni.

Si adili kumsifu yeye na kumsahau mkewe. Miaka aliyokuwa mbali, mke ndiye aliyekuwa nguzo ya nyumba. Alisuka makawa na mikeka ya rangi, alitia nakshi vitambaa, aliuza vyakula, akasomesha watoto kwa senti alizozipata. Mume aliporudi aliikuta nyumba imesimama.

Elimu ya dunia ilikuwa mashaka. Shule nyingi zilikuwa za misheni, na wazazi walichelea dini ya watoto wao. Hivyo Waislamu walitanguliwa. Katika miaka ya 1940 iliundwa Uganda Muslim Education Association, ikajaribu kuliziba pengo hilo. Mzee aliyejua thamani ya cheti kwa kuwa yeye alikuwa na kimoja tu, cha jeshi, alitamani mwanawe apate kingine.

Jambo la pili lilikuwa ardhi. Wengi wa wastaafu wa Kinubi waliishi juu ya ardhi ya serikali pasipo hati: nyumba ilikuwa yao, udongo haukuwa wao. Ndugu zao wa Kibera, Nairobi, walitengewa zaidi ya ekari 4,000 mwanzoni mwa karne ya 20. Walipopewa hati mwaka 2017, ilikuwa ya ekari 288.

Mtihani mkubwa kupita wote ulikuja mwezi wa Aprili 1979, ilipoanguka serikali ya Idi Amin. Wako Wanubi walioitumikia serikali hiyo, na wako waliodhulumu. Lakini adhabu haikuchagua. Hata mzee aliyerudisha bunduki yake zaidi ya miaka thelathini nyuma alihesabiwa kuwa adui. Watu walikimbilia Sudan, Zaire na Kenya, nyumba ziliporwa, vyeti na nishani zikapotea. Wengi walirejea baada ya mwaka 1986, wakaanza upya juu ya misingi iliyoota majani. Na Katiba ya mwaka 1995 ikawataja Wanubi miongoni mwa jamii za wenyeji wa Uganda.

Ni nini basi kilichobaki? Dola aliyoipigania askari huyo imeondoka, Keya halipo, nishani zimeliwa na kutu au zimeibwa. Kilichobaki ni watoto na wajukuu, msikiti, chuo, na lugha inayosemwa jikoni. Alichokijenga kwa bunduki kilikuwa cha wengine. Alichokijenga nyumbani kimekuwa chake.

Imebaki deni moja. Majina ya maofisa wake yameandikwa vitabuni, ilhali majina ya askari wengi yamo vifuani mwa wazee tu, na wazee wanaondoka. Kila nyumba na iandike: babu alikuwa nani, alitoka wapi, alipigana wapi, alimwoa nani, amezikwa wapi. Karatasi moja yatosha. Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia, na awape waliobaki subira na kumbukumbu njema. Amin.