Mshuko wa Volti: Kosa Lisilokuwa kwenye Betri wala Oltaneta

Gari likikataa kuwaka asubuhi pale Bura, kwenye barabara ya kutoka Mwatate kwenda Taveta, neno la kwanza kusikika ni kwamba betri imekwisha. Mwenye gari anateremka Voi, ananunua betri mpya. Nayo ikilala baada ya wiki chache, linakuja neno la pili: oltaneta haichaji. Oltaneta inabadilishwa, fedha zinatoka tena, na gari linarudi palepale. Watu wengi hawajui kwamba liko kosa la tatu, ambalo halimo ndani ya betri wala ndani ya oltaneta. Limo njiani, kati ya hizo mbili. Wahandisi wanaliita kwa Kiingereza voltage drop. Kwa Kiswahili naliita mshuko wa volti, na naomba jina hili lizoeleke gereji na barabarani, kwa sababu kosa lisilo na jina halitafutwi.

Tuanze na msingi wake. Volti ni kipimo cha msukumo wa umeme, na jina lake linatokana na Alessandro Volta, Mwitaliano aliyetangaza betri yake ya kwanza mwaka 1800. Ampea hupima wingi wa mkondo unaopita. Omu hupima ukinzani, yaani jinsi njia inavyouzuia mkondo huo. Mwaka 1827 Mjerumani Georg Ohm alichapisha kanuni inayoziunganisha tatu hizi: zidisha ampea kwa omu, utapata volti zinazoshuka mahali hapo.

Tuifanye hesabu hiyo kwenye gari. Tuseme oltaneta inatoa volti 14.4 na mkondo wa ampea 90. Kwenye kiungio kimoja kilicholiwa na kutu pana ukinzani wa omu 0.01 tu. Tisini mara 0.01 ni 0.9. Kwa hiyo betri haipati 14.4, inapata 13.5. Hapo itachajiwa polepole na, katika safari fupi fupi, haitajaa. Betri ya risasi na asidi isiyojaa kwa muda mrefu hujenga gamba gumu la salfeti kwenye bamba zake, na kila siku uwezo wake unapungua. Betri mpya huuawa hivyo hivyo, taratibu, na lawama zikaenda kwa aliyeiuza.

Kwa nini mshuko, na si upungufu au upotevu? Upungufu wa volti unafaa kwa hali ya betri iliyochoka: volti ni chache, basi. Upotevu unafaa zaidi kwa nishati, maana pale kwenye kutu umeme hugeuka joto, na mara nyingi ukigusa kiungio utaona kimepata moto kuliko waya wenyewe. Mshuko una sifa ambayo majina hayo mawili hayana: unadai pande mbili, ulikotoka na ulikofika. Na hivyo ndivyo unavyopimwa, daima kati ya nukta mbili. Mafundi tayari husema volti zinashuka, kwa hiyo nomino inatoka kwenye kitenzi kilicho midomoni mwao. Watu wa Pwani wanalijua neno hili katika mshuko wa magharibi, yaani wakati watu wanapotoka kuswali, lakini maana hizo mbili hazigongani, kwa kuwa kila moja ina mahali pake. Wingi wake ni mishuko, nao tutauhitaji, kwa sababu gari moja linaweza kuwa nayo mingi.

Ugumu wa kosa hili ni kwamba hujificha gari likiwa limezimwa. Ni kama bomba la maji linaloteremka kutoka mlimani: bilula ikiwa imefungwa, presha huku chini ni kamili hata kama ndani bomba limejaa matope. Fungua bilula, ndipo maji yanadondoka. Vivyo hivyo waya uliooza ndani: ukiupima kwa mita bila mkondo kupita, utaonekana mzima. Mita ya kawaida haiwezi hata kusoma omu 0.01 kwa uhakika. Ni lazima mkondo upite, na upite kwa wingi, ndipo mshuko ujitokeze.

Kupima si kazi kubwa. Washa injini, iache izunguke juu kidogo ya sailensi yake ya kawaida, yaani mzunguko wake bila kukanyaga mafuta, kisha washa taa kubwa na feni ya ndani ili mkondo uongezeke. Weka mita kwenye volti za umeme wa betri. Ncha nyekundu iguse bolti kubwa ya kutolea umeme nyuma ya oltaneta, ncha nyeusi iguse kichwa chanya cha betri. Namba unayoiona ndiyo mshuko wa upande chanya. Ikiwa chini ya 0.2 au 0.3, njia ni safi. Ikizidi hapo, kuna tatizo. Kisha pima upande wa athi, yaani njia hasi inayopitia mwili wa gari: ncha moja kwenye mwili wa oltaneta, nyingine kwenye kichwa hasi cha betri. Hapo nako namba isizidi 0.2. Angalizo: ncha iguse kichwa chenyewe cha betri, si kibanio kilichokizunguka, la sivyo utaruka kiungio ambacho mara nyingi ndicho chenye kosa.

Upande huu wa athi ndio husahauliwa zaidi. Hapo Bura nilimwona fundi akiinama chini ya pikapu ya dizeli ya mwalimu mmoja, mita imelala juu ya betri.

"Fundi, hii betri nimeinunua Voi juzi tu. Imekufa tena?"

"Betri yako ni nzima, mwalimu. Moto unaishia njiani."

Mita ilisoma 1.1 upande wa athi, na betri ilikuwa ikipata volti 13.2. Fundi alifuata waya mnene wa kusuka unaounganisha injini na mwili wa gari. Nati yake ilikuwa imekaza, lakini chini ya washa palikuwa na kutu ya rangi ya udongo wa Taita, na ukiangalia haraka ungedhani ni vumbi tu. Alizima injini, akafungua nati, akapiga msasa mpaka chuma kikang'aa, akafunga tena na kupaka grisi juu yake. Injini ilipowashwa, mita ilisoma 0.1, na betri ikawa inapata 14.2. Hakikununuliwa kitu.

Mafundi wa zamani walikuwa na kanuni moja: injini ikiwaka, betri isome volti 14, kama haisomi basi oltaneta ni mbovu. Kwenye dizeli nyingi za kisasa kanuni hiyo haitoshi. Kompyuta ya gari ndiyo inayoiamuru oltaneta itoe kiasi gani, na sensa ndogo iliyofungwa kwenye kichwa hasi cha betri huieleza kompyuta hali ya betri. Gari linapopanda kutoka Mwatate kwenda Wundanyi, kompyuta inaweza kuishusha oltaneta ili injini isibebe mzigo, na mita ikasoma 12.6 bila kosa lolote. Linapoteremka kona zile zile dereva akiwa ameachia mafuta, kompyuta huipandisha, pengine hadi karibu 15, ili mteremko uchaji betri. Fundi atakayeona 12.6 na kuhukumu oltaneta, atakuwa amehukumu kifaa kinachotii amri.

Hapa ndipo mshuko wa volti unapoonyesha thamani yake. Volti za oltaneta zinabadilika kwa amri, lakini tofauti kati ya mwanzo wa njia na mwisho wake haitii kompyuta. Mkondo mwingi ukipita na tofauti ikawa 0.9, njia ni mbovu, iwe oltaneta inatoa 13 au 15. Katika gari ambalo kila namba inahamahama, hiki ni kipimo ambacho fundi anaweza kukisimamia.

Dizeli inaumizwa na kosa hili kuliko petroli. Kugandamiza hewa mpaka dizeli iwake yenyewe kunahitaji stata yenye nguvu, inayovuta mamia ya ampea. Volti zikishuka mno wakati huo, kompyuta huenda isifungue nozeli za mafuta, na injini ikazungushwa bila kushika. Tena gari likipigwa mashine ya kusoma makosa, hutoka orodha ndefu ya makosa: sensa hii, sensa ile, breki, usukani. Kabla ya kununua hata sensa moja, pima betri ikiwa imepumzika. Ikiwa 12.6 au zaidi imejaa, 12.2 imefika karibu nusu. Kisha pima mishuko. Mara nyingi orodha yote hiyo ina mzizi mmoja.

Tusilichanganye kosa hili na jirani yake, betri kuliwa. Hilo hutokea gari likiwa limelala: redio, kengele ya wizi au kifaa cha kufuatilia gari kinaendelea kuvuta. Gari likishatulia, mkondo usizidi ampea 0.05 hivi. Ukiwa 0.5, betri ya ampea-saa 70 itafika nusu kwa siku tatu. Kuliwa hupimwa kwa ampea, funguo zikiwa zimetolewa, na mshuko hupimwa kwa volti, mkondo ukipita. Anayeyatofautisha majina atatofautisha na vipimo.

Ombi langu ni kwa walimu wa vyuo vya ufundi: lifundisheni jina hili pamoja na kipimo chake. Na kwa mwenye gari: kabla hujatoa fedha za betri au oltaneta, muulize fundi, "Mshuko wa volti ni kiasi gani, upande chanya na upande wa athi?" Akikupa namba mbili, endeleeni. Asipokuwa nazo, mpe mita azipime kwanza.