Nani Alipe Kuni za Mgeni?

Mimi nimeishia kidato cha nne, na nina riwaya ambayo haijaisha. Inahusu kwetu Ngara. Nilipomwuliza mama habari za mwaka 1994, hakuanza na vita. Alianza na kuni. "Mwanangu, zamani nilikuwa naokota hapo nyuma ya nyumba. Walipokuja, nikawa natembea nusu siku."

Waliokuja ni Wanyarwanda. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi, wakapiga kambi Benaco. Mama anasema waliwagawia ndizi na maji kabla hawajaona lori lolote la msaada. Basi nikajiuliza, hivi mzigo huu ulikuwa wa nani?

Turudi nyuma kidogo. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilianza Januari 1951 kwa ajili ya watu waliong'olewa na vita vya Ulaya, likapewa miaka mitatu tu. Eti wakimbizi wangekwisha! Muda ukawa unaongezwa, hadi 2003 ukomo ulipofutwa. Lakini jambo moja halikubadilika: karibu fedha zake zote ni hiari ya wafadhili. Anayetaka hutoa, asiyetaka hukaa kimya. Nchi iliyopakana na vita haina hiari hiyo.

Afrika tuliliona hilo mapema. Mkataba wa OAU wa 1969 unasema nchi iliyolemewa iwaombe wenzake, nao waipunguzie mzigo. Maneno mazuri, ila hayakutaja kiasi. Hata hivyo Tanzania ilijitahidi. Warundi waliokimbia mwaka 1972 walipewa ardhi Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Mgeni akapewa jembe kweli kweli. Mwaka 1983 Mwalimu Nyerere akatunukiwa Medali ya Nansen.

Baadaye moyo ukachoka. Machi 1995 serikali ikafunga mpaka na Burundi. Desemba 1996 serikali na shirika lenyewe wakatangaza kwa pamoja kwamba Wanyarwanda wawe wamerudi kwao kabla ya mwaka kwisha. Wengi walijaribu kukimbia upande mwingine, askari wakawageuza kuelekea Rusumo. Hapo siisifu nchi yangu. Anayeogopa kurudi harudishwi kwa nguvu; hiyo ndiyo sheria tuliyoitia saini.

Mwanzoni mwa 2018 tukajitoa katika mpango mpya wa wakimbizi uliotokana na Azimio la New York la 2016. Serikali ilitaja usalama na ukosefu wa fedha. Sehemu ya fedha zilizozungumzwa ilikuwa mkopo. Hebu fikiri, ukope ili umlishe mgeni wa dunia nzima!

Kwa maoni yangu, mageuzi yaanzie hapo. Mchango uwe wa lazima kwa kila nchi mwanachama, upimwe kwa uwezo wake, na fungu moja liende kwa wenyeji: miti, visima, madarasa. Mwenye nyumba akishasaidiwa hivyo, naye asiwe na kisingizio cha kumfukuza mgeni usiku.

Nilimwuliza mama kama angewapokea tena.

"Ningewapokea," alisema. "Watu wana watoto mgongoni, utafanyaje? Ila safari hii waje na mtu wa kupanda miti."