Kalinzi, Hati na Njia ya Wanyama

Kwetu Bushi zamani udongo haukuuzwa sawa vile kitenge sokoni. Mtu alimpelekea mwami ao mkubwa wake ng'ombe, ndiyo kalinzi, akapewa mahali pa kukaa na kuachia watoto. Yule wa bwasa aliazima shamba kwa msimu tu, hakuweza kupanda migomba. Majirani wote walijua nani ni nani.

Mwaka 1970 leta ilianzisha parke ya Kahuzi-Biega, hektari 60 000 za mlimani. Mwaka 1975 ikaipanua mpaka 600 000, na mlima ukaunganishwa na pori la chini kwa njia nyembamba ya wanyama upande wa Nindja. Wenyeji hawakuulizwa. Batwa, wao, walifukuzwa msituni bila kulipwa kitu.

Lakini tayari sheria ya 1973 ilikuwa imesema udongo wote ni wa leta. Basi aliyejua mlango wa ofisi alipata hati, hata ndani ya parke, juu ya kalinzi ya wengine. Katika njia ile miti ikakatwa, mashamba makubwa na malisho ya ng'ombe yakaingia. Gorila wa mlimani wakabaki wametengwa na wenzao wa chini. Unesco, iliyoandika parke kati ya urithi wa dunia 1980, kisha ulio hatarini 1997, imeomba mara mingi hati zile zifutwe.

Darasani wanafunzi wanatuuliza: mama aliyeokota kuni anakamatwa, mwenye ferme kwa nini hapana? Tunawaanzia na kalinzi.