Félix Houphouët-Boigny: Mkulima wa kakao aliyepanda ngazi hadi Ikulu

KABLA ya kuwa Rais wa kwanza wa Cote d'Ivoire, Félix Houphouët-Boigny alikuwa mkulima wa kakao na kahawa, na uongozi wake ulichipuka shambani. Alianza kwa kupigania mambo mawili: uhuru wa vibarua na bei ya haki kwa mazao. La kwanza alilipata mapema. La pili lilimwandama hadi mwisho wa utawala wake.

Alizaliwa mnamo 1905 huko Yamoussoukro, katika ukoo wa machifu wa jamii ya Wabaule. Alisomea utabibu nchini Senegal na kuhitimu mwaka wa 1925 kama daktari msaidizi, kisha akahudumu katika vituo mbalimbali. Alipohamishiwa Abengourou, eneo la kakao lililo mashariki mwa nchi, alijionea jinsi wakulima Waafrika walivyopunjwa na wanunuzi. Mnamo 1932 alichapisha gazetini, kwa jina la kubuni, makala ya kukashifu dhuluma hiyo.

Mnamo 1940 alitawazwa kuwa chifu wa eneo la Akouè, akaacha utabibu na kushughulikia mashamba ya familia. Baada ya muda mfupi alihesabiwa miongoni mwa wakulima Waafrika matajiri zaidi nchini.

Hata hivyo, utajiri haukumwepusha na adha iliyowakabili wenzake. Chini ya utawala wa Ufaransa, wanaume walikamatwa na kupelekwa kwa nguvu kufanya kazi katika mashamba ya walowezi. Mwafrika aliyekuwa na shamba lake mwenyewe angeweza kuondolewa humo wakati wa mavuno, huku kakao yake ikioza mitini. Aidha, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, walowezi walipendelewa katika bei ya mazao. Ubaguzi wa aina hii haukuwa mgeni kwa Wakenya, kwani serikali ya kikoloni iliwazuia Waafrika wengi kukuza kahawa kwa miaka mingi.

Mnamo Septemba 3, 1944, Houphouët-Boigny na wakulima wenzake waliunda Chama cha Wakulima Waafrika jijini Abidjan, naye akachaguliwa kukiongoza. Gavana wa wakati huo, André Latrille, alikiunga mkono licha ya ghadhabu ya walowezi. Chama hicho kilithibitisha kwamba shokoa haikuhitajika: kwa msaada wa chifu mashuhuri wa Korhogo, Gbon Coulibaly, kiliajiri vibarua kutoka kaskazini waliokuja kwa hiari na kulipwa ujira wao.

Maelfu ya wakulima walijiunga, na nguvu zao zikampeleka kiongozi wao katika Bunge la Ufaransa mwishoni mwa 1945. Ni wakati huo alipoongeza jina Boigny, ambalo kwa Kibaule humaanisha kondoo dume. Mnamo Aprili 11, 1946, sheria iliyopiga marufuku kazi ya shokoa katika makoloni yote ya Ufaransa ilipitishwa, na hadi leo inajulikana kwa jina lake. Mwaka huo huo, chama cha wakulima kilizaa chama cha kisiasa cha PDCI, kilichoiongoza nchi kupata uhuru mnamo Agosti 7, 1960.

Akiwa Rais, alifanya kilimo kuwa uti wa mgongo wa taifa. Alitangaza kwamba ardhi ni ya anayeilima, msimamo uliovutia wahamiaji wengi, hasa kutoka nchi inayoitwa sasa Burkina Faso. Misitu ilifyekwa, mikakao ikapandwa, na kufikia mwisho wa miaka ya sabini Cote d'Ivoire ilikuwa imeipiku Ghana kama mzalishaji mkuu wa kakao duniani.

Serikali iliunda hazina ya kudhibiti bei, iliyomhakikishia mkulima malipo yaliyojulikana mapema. Lakini soko la dunia liliponoga, sehemu kubwa ya faida ilibaki mikononi mwa serikali. Fedha hizo zilijenga barabara na shule, na pia zikagharimia miradi ya fahari. Kwa hivyo, aliyewahi kuwatetea wakulima dhidi ya wanunuzi sasa ndiye aliyeamua wangelipwa kiasi gani.

Katika miaka ya themanini bei ya dunia iliporomoka. Mnamo 1987 nchi ilisitisha kulipa madeni yake, kisha Rais akazuia kakao isiuzwe nje akitarajia bei ingepanda. Haikupanda. Mwaka wa 1989, malipo ya mkulima yalipunguzwa kwa nusu, kutoka faranga 400 hadi 200 kwa kilo. Mwaka uliofuata maandamano yalizuka, na mfumo wa vyama vingi ukarejeshwa.

Houphouët-Boigny alifariki Desemba 7, 1993, akiwa bado mamlakani. Baada yake, mizozo kuhusu ardhi kati ya wenyeji na wahamiaji ilichangia vita vilivyoanza mwaka wa 2002. Nchi yake ingali inaongoza duniani kwa kakao, lakini wakulima wake wengi wangali maskini. Vibarua aliwakomboa kwa sheria moja. Bei ya kakao, inayoamuliwa katika masoko ya mbali, haikumtii hata alipokuwa Rais.