Virusi vinapokataa mti: topolojia na Homa ya Bonde la Ufa

Wasomaji wangu, leo naweka programu kando kidogo tuzungumze historia. Naandika kutoka Kitengela, Kajiado. Huku mifugo ikianza kutupa mimba baada ya mvua kubwa, mfugaji halali usingizi. Hofu yake ni Homa ya Bonde la Ufa.

Ugonjwa huu ulielezwa mwaka 1931 na Daubney, Hudson na Garnham, baada ya kondoo kufa karibu na Ziwa Naivasha. Virusi vyake huenezwa na mbu, na urithi wao umegawanyika vipande vitatu, kama programu yenye mafaili matatu. Koo mbili zikikutana ndani ya mnyama mmoja, kizazi kipya chaweza kuchukua faili moja huku na mawili kule.

Hapo mti wa ukoo unakwama. Tangu Darwin achore wake daftarini mwaka 1837, tumezoea matawi yanayoachana tu. Haya yanaungana tena. Ukiiamuru kompyuta ichore mti itachora, lakini utakuwa wa uongo.

Topolojia, hisabati ambayo Euler aliifungulia njia mwaka 1736 kwa fumbo la madaraja ya Königsberg, haijali umbo kamili. Inauliza nini kimeungana na nini, na tundu liko wapi. Mwaka 2013 Joseph Chan, Gunnar Carlsson na Raul Rabadan waliitumia kwa virusi vya mafua na vya Ukimwi. Kila sampuli ni nukta. Umbali ni idadi ya herufi zinazotofautiana. Unaunganisha nukta zilizo karibu, huku ukiongeza umbali unaoruhusiwa polepole. Mti mtupu hautoi kitanzi. Kitanzi kikitokea na kudumu, ni ishara kwamba koo zimechanganyika.

Jambo hili linatuhusu. Katika mlipuko wa 2006–2007, uliofika hata Kajiado, sampuli za mifugo wa Kenya zilionyesha koo kadhaa zikienea kwa wakati mmoja. Nayo chanjo ya Smithburn, iliyotokana na virusi vilivyopatikana Uganda miaka ya 1940, ni virusi hai vilivyodhoofishwa. Ndiyo maana wataalamu huonya dhidi ya kuchanja mlipuko ukishaanza: sindano iliyorudiwa hueneza ugonjwa, na virusi vya chanjo vyaweza kubadilishana vipande na vya ugonjwa wenyewe.

Kwa hiyo mfugaji achanje kabla ya mvua. Nasi wa kompyuta, kabla ya kuchora mti, tutafute vitanzi kwanza.